Kisiwa Kisicho na Abiria

Mtu atokaye Buseresere kwenda Rubondo hana taabu ya chombo kwa sehemu kubwa ya safari yake. Mabasi ya Mwanza yanayopita Geita na Katoro humkuta njiani. Ziko pia gari ndogo ambazo watu wa kanda hiyo huziita michomoko. Hizo huondoka zikisha kujaa, na kujaa kwao hakupimwi kwa idadi ya viti. Pale ambapo mchomoko hauendi, bodaboda huenda. Kwa nauli za vipande vipande namna hiyo msafiri hufika Chato, kisha Muganza, na mwisho mwaloni Kasenda, ambako kisiwa huonekana mbele yake, kimevikwa msitu mpaka ukingoni mwa maji.

Hapo ndipo nauli inapokoma kuwa na maana. Hapana mpiga debe aitaye abiria wa Rubondo. Mwenye haja ya kuvuka hana budi kupatana na wakuu wa hifadhi juu ya boti na kulipa kiingilio. Na mgeni mwenye uwezo zaidi haoni Kasenda wala Buseresere, kwa kuwa ndege ndogo humshusha katika kiwanja kilichomo kisiwani. Katika ziwa lenye visiwa vingi na vyombo vingi, hiki ni kisiwa kikubwa, chapata kilomita za mraba 240, nacho hakina abiria.

Haikuwa hivyo tangu asili. Wazinza walikaa bara na visiwani pia, na maji yaliyokuwa katikati hayakuhesabiwa kuwa mpaka bali njia. Mtumbwi haukuwa chombo cha mvuvi peke yake. Warongo walifua majembe katika nchi ya Uzinza, na majembe hayo yalitafutwa mpaka Usukuma. Bidhaa kama hizo, pamoja na samaki na nafaka, ndizo zilizofanya watu wa ng'ambo mbili wajuane, wakopeshane na kuoana. Mtumbwi ulikwenda penye haja, ukangoja upepo utulie, ukarudi. Huo ulikuwa usafiri wa umma kabla neno hilo halijabuniwa.

Meli za moshi zilipoanza kuzunguka ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, hazikuuondoa mtumbwi. Meli kama Winifred na Sybil zilitafuta bandari zenye shehena: Entebbe, Bukoba, Mwanza. Reli ya kati nayo ikafika Mwanza mwaka 1928, na shehena ikazidi. Visiwa vidogo na mialo ya Uzinza viliachiwa wapiga makasia kama zamani.

Mabadiliko makubwa ya Rubondo yalikuja katika miaka ya 1960. Kisiwa kilifanywa pori la akiba, na wavuvi na wakulima waliokaa humo wakahamishiwa bara na katika visiwa vya jirani. Wakati uo huo wakaletwa wakazi wengine. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliyekwisha kupata sifa kwa kazi yake ya Serengeti, aliona kwamba kisiwa chenye msitu na kisicho na watu kingeweza kuwa kimbilio la wanyama walio hatarini. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walifunguliwa humo sokwe 17, wenye asili ya Afrika Magharibi, ambao walikuwa wamefungwa katika bustani za Ulaya. Kundi la kwanza lilishuka bandarini Dar es Salaam mwaka 1966, likapandishwa bara mpaka ziwani, likavushwa. Wakaletwa pia twiga, tembo na mbega, kila mnyama kwa chombo chake. Yamkini hapana kisiwa kingine katika Tanzania kilichopokea abiria wa ajabu kama hao, na kwa gharama kama ile, katika muda ule ule ambao abiria wake wa kawaida walikuwa wakitolewa.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili laweza kuhukumiwa kwa neno moja. Visiwa vingi vya jirani vimekatwa miti, na mazalia ya samaki yamechokozwa mno. Msitu wa Rubondo umesimama, nzohe yumo, na kizazi cha wale sokwe kingalipo. Walakini haki pia yataka isemwe kwamba msitu huo ulilipiwa, na waliolipa hawakuwa wageni.

Mwaka 1977 Rubondo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika, na meli zilizokuwa zikizunguka ziwa zima chini ya mamlaka moja zikagawanywa kati ya nchi tatu. Mambo hayo mawili hayakutokana na sababu moja, lakini mtu wa kando ya ziwa aliyapata pamoja: kisiwa kimoja kilifungwa, na njia za kwenda kwingine zikapungua.

Matokeo ya kupungua huko yajulikana mno. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba na Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu wengi kupita kiasi chake, na waliokufa wakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora katika Ukerewe kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Watu wale hawakuwa watalii. Walikuwa wametoka sokoni na magunia yao, nao walipanda kwa sababu kivuko kilikuwa hicho hicho.

Zipo nyakati ambazo mgeni na mwenyeji wa kisiwa walifuata njia moja. Huko Unguja, mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ilifungua reli ya maili 7 hivi kutoka mjini hadi Bububu. Watu wa shamba waliipanda kwenda mjini na kurudi, na behewa la daraja la kwanza liliwekwa hasa kwa ajili ya abiria wa meli waliotaka kutazama kisiwa. Serikali iliinunua mwaka 1911, na katika miaka ya 1920 ikaacha kubeba watu, kwa kuwa motokaa zilikuwa zimeishinda. Usawa haukuwamo katika mabehewa yale. Lakini injini ilikuwa moja, na ikiharibika wote walishuka.

Hiyo ndiyo tofauti ya Rubondo. Boti ya mtalii ikikawia, hapana mtu wa Buseresere aliyechelewa, na kwa hiyo hapana anayelalamika kwa niaba ya wote. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, na Chato ikatolewa Kagera na kutiwa humo, utalii wa kisiwa hicho ulitajwa mara nyingi katika matumaini ya mkoa. Barabara zikatiwa lami, uwanja wa ndege ukajengwa Chato. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na foleni za kungojea kivuko pale zikabaki kuwa hadithi. Mfanyabiashara wa dagaa aendaye Mwanza kutoka Buseresere sasa huvuka ghuba pasipo kushuka garini.

Kasenda bado mambo ni yale yale. Asubuhi mitumbwi ya injini hurudi na samaki, wachuuzi hushindana kwa bei, na bodaboda hungoja mizigo ya kupeleka Muganza. Boti ya hifadhi ikiwa na wageni huondoka kuelekea msituni. Mitumbwi mingine hugeuza omo upande wa pili, kufuata visiwa vyenye watu.