Vita vya Kwelea Kwelea

Kwelea kwelea ana historia iliyoandikwa. Carl Linnaeus wa Sweden alimwingiza vitabuni mwaka 1758. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, na baadaye eropleni zake zikatumika pia kunyunyizia sumu mazalia ya ndege hawa.

Lakini sisi tulioamia mpunga hapa Bahi, nani katuandika?

Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo, siyo? Zidisha kwa ndege milioni moja: tani 10! Wakivamia mpunga ukiwa bado na maziwa, unabaki na makapi. Eropleni ikichelewa, askari ni watoto, juu ya dungu na makombeo na madebe, tangu alfajiri.

Mimi nilipokuwa darasa la sita nilikosa shule wiki tatu. Mwalimu alinichapa. Mama alinyamaza tu, maana ada ya kaka yangu ilikuwa humo humo jarubani. Mpunga tuliuokoa, kaka akasoma. Hesabu za sehemu mpaka leo zinanipiga chenga.

Mkiusifu mchele wa Bahi, jamani, na hilo mliandike.