Paja la Dereva

Juma hili nazungumzia paja la binadamu, na nina sababu. Barabara itokayo Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, hupanda na kushuka vilima hadi Benaco na Rusumo, wilayani Ngara. Mwaka 1994 ilipitisha malori ya chakula cha wakimbizi wa Rwanda. Hadi leo hupitisha mizigo ya nchi jirani. Lori likipinduka huko na ateri kubwa ya paja la dereva ikakatika, anaweza kufa kwa dakika chache, hospitali ikiwa bado mbali.

Historia ya mshipa huo ina dereva mwingine. Desemba 1785, mjini London, daktari John Hunter alimpokea dereva wa gari la farasi mwenye uvimbe wa ateri nyuma ya goti. Wengi wa aina yake walikatwa mguu. Hunter aliifunga ateri kwa uzi, juu zaidi, ndani ya paja. Mguu haukufa, baada ya wiki sita hivi mgonjwa alitoka hospitali. Damu ilikuwa imepata njia za pembeni, hasa kupitia tawi kubwa la ndani ya paja.

Lakini tawi hilo halianzii mahali pamoja kwa watu wote. Kwa huyu huanzia karibu kabisa na kinena, kwa yule chini zaidi. Mara hutokea nyuma, mara upande wa nje. Hata mapaja mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Mwaka 1844 Richard Quain alichapisha michoro ya ateri baada ya kuchunguza maiti zaidi ya 1,000, na tofauti hizo zikaonekana wazi.

Kwa daktari wa wilaya, hili si jambo dogo. Ikimbidi kufunga ateri, akifunga chini ya tawi hilo mguu una nafasi ya kupona. Akifunga juu yake, nafasi hupungua sana. Basi atafute tawi kwanza, asitegemee mchoro wa kitabu peke yake.

Sisi wa barabarani hatuhitaji mchoro. Weka kitambaa juu ya jeraha, gandamiza kwa nguvu zako zote, wala usiachie mpaka mfike kwa mganga.

Dereva huulizwa leseni, taa na breki. Mimi ningependa yeye na utingo wake waulizwe na hilo pia.