Kugawana na Kuchangia: Laini Moja, Kompyuta Tano

Mpangaji wa Kangemi anapomwambia jirani "nishee waifai," anatumia neno la Kiingereza lililokwisha kuvishwa viambishi vya Kiswahili: kushea, amenishea, tusheane. Mtaani linatosha kabisa. Linapungukiwa pale mtu anapotaka kueleza kinachotendeka ndani ya kile kisanduku chenye vitaa kilichopigiliwa ukutani, yaani ruta. Hapo hubainika kwamba kushea kumebeba vitendo viwili tofauti, na Kiswahili kina neno lake kwa kila kimoja.

Cha kwanza ni kugawana. Kinachogawanwa hupungua: ndugu wakigawana shamba, kila mmoja hupata kipande. Kasi ya intaneti ni ya aina hiyo. Chukua nyumba ya Kawangware yenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Filamu moja ya picha safi hula takriban 5. Filamu mbili zikichezwa kwa wakati mmoja, anayeingia kwenye kikao cha video atakuta sauti zinakatikakatika. Aidha, ruta ya kawaida haikati mafungu sawa kama mama anayepakua ugali. Kompyuta inayopakua faili kubwa huvuta kwa nguvu, na nyingine hubaki na kilichosalia. Jiji lililozoea mgao wa maji linaijua hali hii: wa chini wakifungua mifereji yote, wa ghorofa ya juu hupata matone.

Cha pili ni kuchangia. Nchini Kenya neno hili huleta kwanza picha ya harambee na chama, lakini lina maana nyingine: kukitumia kitu kimoja kwa pamoja bila kukikata. Wahudumu wa afya wanaofundisha kuhusu Ukimwi huonya watu wasichangie nyembe wala sindano. Hawasemi "wasigawane," kwa kuwa wembe haugawanywi. Ni uleule unaopita mkono hadi mkono.

Kinachochangiwa nyumbani ni anwani. Mfumo wa anwani za intaneti ambao bado umeenea, IPv4, una nafasi za anwani takriban bilioni 4.3 tu, ambazo hazitoshi simu na kompyuta zote za dunia. Kwa hiyo nyumba nzima hupewa anwani moja ya nje, huku ruta ikigawa namba za ndani. Mwaka 1994 wahandisi wa intaneti walitenga mafungu ya namba kwa kazi hiyo, likiwemo lile linaloanza na 192.168.

Mkenya yeyote aliyewahi kupokea barua kupitia sanduku la posta la shule au kanisa anaujua utaratibu huu. Bahasha huandikwa sanduku moja, tuseme la Westlands, 00800. Ikifika, karani hutazama jina na kumpelekea mwenyewe. Ruta ndiyo karani huyo. Huweka daftari la nani ameomba nini, na jibu likirudi hulifikisha kwenye kompyuta iliyouliza. Namba za ndani nazo hazigongani na za jirani, kama vile kila ploti ya Uthiru inavyoweza kuwa na chumba namba 4.

Karani huyu aitweje? Wapo wanaoandika kipanga njia, kwa mfano wa kipazasauti na kipimajoto. Umbo ni zuri, ila kazi yake haielezwi barabara: kifaa hiki hakizipangi njia, bali huchagua ipi data ifuate. Na kipanga, likisimama peke yake, ni ndege mwindaji. Mafundi wa Luthuli Avenue huuza ruta, wateja huomba ruta, na neno hilo linatamkika kwa urahisi. Ruta libaki.

Nairobi imewahi hata kubuni ruta yake. Mwaka 2013 kikundi kilichotoka shirika la teknolojia la Ushahidi, kikifanya kazi katika jengo la Bishop Magua kwenye Ngong Road, kilichangisha fedha mtandaoni kutengeneza BRCK, kisanduku cheusi chenye betri ya saa 8 kilichoweza kuhudumia vifaa 20 umeme ukipotea. Miaka minne kabla, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilikuwa zimefika Mombasa na kuipunguzia nchi utegemezi wa satelaiti. Tangu hapo intaneti ya nyumbani ikaanza kuwa jambo la watu wengi, na maswali yake pia.

Kwa maneno yale mawili, kugawana na kuchangia, hali ya nyumba ile ya Kawangware huelezeka kwa sentensi moja: kompyuta tano zinachangia anwani moja na kugawana megabiti 10. Fundi naye anapata pa kuanzia. Filamu ikikwama usiku, shida iko kwenye kugawana, na kuongeza kasi au kusimamisha upakuaji kutasaidia. Lakini tovuti ikiifungia anwani kwa kosa la mpangaji mmoja, wote watano wamefungiwa, na megabiti 100 hazitawafungulia.