Ngoro za Umatengo na somo la sayansi



Kila yakitoka matokeo ya kidato cha nne, mjadala wa masomo ya sayansi unarudi ule ule. Walimu hawatoshi, maabara hakuna, wanafunzi wanaogopa hesabu. Ni kweli yote hayo. Lakini leo naomba twende Mbinga, mkoani Ruvuma, tuangalie historia kidogo, maana iko jambo ambalo mjadala huu kila mwaka unaliruka.

Ukipanda milima ya Umatengo kuelekea Litembo utaona mashamba yametobolewa kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Majani yanafyekwa na kuachwa yakauke, kisha wanaume wanayapanga chini mstari kwa mstari mpaka yatokee miraba, kila upande mita 1 na nusu hivi, au 2. Halafu wanawake wanaingia na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kuutupia udongo juu ya majani. Katikati linabaki shimo, pembeni yanabaki matuta, na tumboni mwa matuta majani yanaoza taratibu. Juu ya matuta wanapanda maharage. Msimu unaofuata wanapanda mahindi pale pale, na magugu wakiyapalilia wanayatupa shimoni. Mzunguko ukiisha, baada ya miaka 2 hivi, ngoro zinachimbwa upya.

Mvua ikinyesha kwenye mteremko ule mkali, maji hayapati nafasi ya kukimbia. Yanaingia shimo moja, yakijaa yanasogea jingine, na udongo unabaki mlimani.

Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba katika karne ya 19, Wangoni walipoingia, Wamatengo walibanana milimani kwa usalama. Ardhi ikawa finyu, miteremko mikali, vinywa vingi. Hapo ukulima wa kuhamahama hauwezekani. Shida ikawa ndiyo mwalimu.

Sasa tazama wageni walivyolipokea jambo hili. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya Mwingereza mmoja, Pike, kuhusu jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Kwa hiyo serikali ya mkoloni ilijua kwamba kuna Waafrika walioshinda mmomonyoko wa udongo bila kufundishwa na bwana shamba. Ilijua, lakini kwingineko iliendelea kuamrisha. Kule milima ya Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi wasiyoyataka, hadi mwaka 1955 wakafanya ghasia na mpango ukafa. Mimi naona hilo ni somo la sayansi pia. Mbinu ya kitaalamu ikiletwa kwa amri, bila kumuuliza mwenye shamba, haishiki.

Chini ya milima hiyo hiyo ya Uluguru ndiko kilikojengwa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, kilichozaliwa rasmi mwaka 1984. Miaka 10 baadaye watafiti wa SUA, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto na kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, walifunga safari kwenda Mbinga. Mradi wa kwanza ulikuwa wa 1994 hadi 1997, wa pili 1999 hadi 2004. Walikaa vijijini, kama Kindimba, wakapima udongo, wakahesabu mavuno, wakauliza majina ya vitu. Mwaka 1998 Juichi Itani alichapisha tathmini ya kilimo hicho cha ngoro. Wakagundua pia kwamba ngoro haisimami peke yake. Kuna ntambo, yaani kipande cha mlima chenye vijito pembeni, ambacho ukoo unakitumia kwa mpangilio wake. Kuna sengu, desturi ya wanaukoo kula pamoja na kuamua mambo yao pamoja. Mashine ya kusaga kwa nguvu ya maji ilipojengwa Kindimba, kamati yake ilichukua jina hilo la sengu.

Kwangu hii ndiyo habari kubwa. Chuo kikuu kilikubali kuwa mwanafunzi. Maprofesa walianza na kile ambacho mkulima anakijua, kisha ndipo wakaleta mizani na hesabu zao.

Swali ni moja tu. Je, maarifa yale yalirudi darasani, kwenye shule za sekondari za Mbinga zenyewe? Ripoti na makala vilikwenda Morogoro na Kyoto, kwa Kiingereza na Kijapani. Mtoto wa mkulima wa ngoro anakutana na mzunguko wa naitrojeni ubaoni, kwa Kiingereza, kama kitu kilichotoka mwezini. Mama yake amepanda maharage kwanza na mahindi baadaye maisha yake yote. Mizizi ya maharage inafuga bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Mwalimu anaweza kulieleza hilo kwa dakika 5 akiwa amesimama shambani.

Na hili la lugha tusilikwepe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza ifikapo 1985, na baadaye kifike vyuo vikuu. Serikali haikukubali. Mwaka 1990 TUKI walitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia, kwa hiyo hoja ya kwamba maneno hayapo ilikwisha kujibiwa. Sisemi Kiingereza kifutwe kesho asubuhi. Nasema anayefikiri kwa lugha moja na kukariri kwa nyingine hawezi kuuliza swali zuri, na sayansi bila swali ni kukariri tu.

Tunao mfano wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi Dar akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanafizikia mpaka leo wanabishana kama jambo lenyewe ni la kweli au la, na wabishane tu. Mimi kinachonivutia ni ile safari: swali lilitoka sekondari likafika chuo kikuu, na chuo kikuu hakikulitupa.

Turudi Ruvuma, safari hii tuteremke ziwani. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, wengi hawapatikani popote pengine duniani. Wale wadogo wa miambani hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo mwamba na mwamba unaweza kuwa na rangi tofauti. Wako Wazungu wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni ambao jina la Mbamba Bay wanalijua vizuri kabisa. Lakini likifika somo la mageuko ya viumbe, mfano wa vitabuni ni ndege wa Galápagos!

Kaskazini kidogo, mto Ruhuhu unaingia ziwani karibu na Lituhi. Katika bonde lake, miaka ya 1930, Rex Parrington wa Cambridge aliokota mifupa iliyogeuka mawe. Baadhi ilikaa makabatini miaka 80 mpaka mwaka 2013 ilipopewa jina Nyasasaurus parringtoni, pengine dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, wa miaka milioni 240 na ushee. Ndugu yake wa karibu, aliyetangazwa 2010, anaitwa Asilisaurus kongwe. Asili, kongwe. Kiswahili kimeingia kwenye sayansi kupitia Ruvuma, na wangapi kati yetu tulisikia hilo tukiwa shuleni?

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, majengo yakapanda. Ni jambo jema, hasa ukikumbuka miaka ya 2000 ambapo waliokosa maabara walifanya mtihani wa vitendo kwenye karatasi. Ila chumba bila swali kinakuwa stoo ya madawati mabovu.

Vyuo vikuu kila mwaka vinatuma wanafunzi wa ualimu kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Anayepangiwa Mbinga apewe kazi moja zaidi. Achukue kidato cha tatu, waende kwenye mteremko wenye ngoro na mwingine ulimwao kawaida. Wachimbie ndoo chini ya kila kipande chenye ukubwa sawa, wasubiri mvua, wachuje maji kwa kitambaa, waanike udongo na kuupima kwa mizani ya dukani. Wamuulize mwenye shamba kwa nini anadhani imekuwa hivyo, waandike jibu lake kama alivyolisema, na nakala moja ipelekwe Morogoro.