Mchoro wa makaa wa Bi Hanna na Bi Maryamu

Dada mmoja wa mtaani kwetu ana kijana anayesomea sanaa chuoni. Kijana kapewa kazi juu ya mchoro wa Leonardo da Vinci. Mama kauona kwenye simu, hofu ikamwingia: "Hawa si mitume wetu?" Najua si yeye peke yake mwenye swali hilo, kwa hivyo nalijibu hapa.

Mchoro wenyewe uko London, katika jumba la sanaa la National Gallery. Mna watu wanne. Mwanamke wa nyuma Wakristo humwita Mtakatifu Ana. Wafasiri wetu humtaja kwa jina la Hanna, mke wa Imrani, yule aliyeweka nadhiri ya kilichokuwa tumboni mwake katika Sura ya Aal Imran. Bi Maryamu amekaa pajani mwa mamake, kampakata Isa, na pembeni yuko Yahya mdogo. Mama hakukosea.

Ulichorwa miaka 500 hivi iliyopita kwa makaa, na chaki nyeupe panapoangukia mwanga. Leonardo aligandisha karatasi nane pamoja, akapata kimo cha mita 1.4 na upana wa mita moja na kidogo. Waitaliano waliita kazi kama hii cartone, yaani karatasi kubwa nene. Humo ndimo lilimotoka neno katuni, na hata katoni ya maziwa. Fundi alitoboa mistari yake kwa sindano, akapigapiga vumbi la makaa juu ya vitundu, alama zikabaki kwenye ubao au ukuta, ndipo akapaka rangi. Karatasi nyingi ziliharibikia kazini. Hii haina kitundu hata kimoja. Haikutumiwa, ikasalimika.

Mimi hupenda kutazama palipoachwa. Mkono wa Bi Hanna unaonyesha juu mbinguni, nao ni mstari mtupu. Miguu ya Bi Maryamu haikumalizwa. Lakini nyuso, na mikunjo ya nguo magotini, makaa yamesuguliwa hata hujui kivuli kinaanzia wapi, kama moshi.

Mwaka 1962 wenyewe walipotaka kuuza, Waingereza walichanga, serikali ikaongeza, zikafika pauni 800,000 ili usitoke nchini. Mwaka 1987 mtu aliupiga bunduki kwa karibu. Risasi zilizuiwa na kioo, ila vipande vya kioo viliirarua karatasi kifuani mwa Bi Maryamu. Mafundi waliirudisha kipande kwa kipande, kwa subira ya ajabu.

Sasa, dada yangu. Sisi hatuwachori mitume, na mlango huo siufungui. Kusoma habari za karatasi, makaa na namna ya kutia kivuli sioni ubaya wake, na kijana aandike bila wasiwasi. Akitakiwa anakili kwa mkono, amwombe mwalimu kwa adabu achore mikunjo ya nguo peke yake, bila uso. Ombi hilo halitamshangaza mwalimu anayeijua kazi yake. Leonardo alipokuwa kijana alijifunza hivyo hivyo: alichovya nguo kwenye udongo laini, akaipanga ikakaa, akaichora mikunjo yake tu.