Gari la Moshi Lilipofika Nsambya

Stesheni ya reli ya Kampala iko bondeni, chini ya barabara kuu ya mjini, mahali ambapo mtu mwenye haraka hupita bila kugeuza shingo. Mbele yake boda boda zinapenyezana na magari yanapiga honi. Nyuma yake reli zimenyooka kuelekea upande wa mfereji wa Nakivubo. Nilikwenda pale kutafuta kumbukumbu ya watu waliofanya kazi.

Kumbukumbu za aina nyingine zipo. Kwenye barabara ya Nile Avenue imesimama Sanamu ya Uhuru, mama aliyemwinua mtoto juu ya kichwa chake, kazi ya mchongaji Mkenya Gregory Maloba ya mwaka 1962. Ukishuka kuelekea Katwe na Nsambya unaukuta Mnara wa Saa, uliojengwa kwa heshima ya ziara ya Malkia Elizabeth ya mwaka 1954. Lakini kuli, mpagazi, fundi wa reli, dereva wa lori, wote hao sijakutana na jiwe lao. Basi nikaamua kwamba stesheni ndiyo jiwe lao, na kota za wafanyakazi wa reli za Nsambya zilizo juu yake ndizo maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe hilo, hata kama sehemu kubwa ya maandishi imekwisha kufutwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji kutembea. Uko midomoni mwa watu. Mganda huiita treni *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi, neno kwa neno. Karani kwake ni *kalaani*. Kibarua ni *omupakasi*, na kufanya vibarua ni *okupakasa*. Ndani ya neno hilo amejificha mpagazi wa misafara iliyotoka pwani na Unyamwezi, mzigo kichwani, miezi njiani. Na ugali Uganda unaitwa posho. Hapo ndipo mimi hukaa na kufikiri kwa muda mrefu. Pwani posho ni chakula cha kupimiwa, kibaba anachopewa mtu wa kazi au askari ili aweze kuamka kesho na kufanya kazi tena. Uganda kipimo kimegeuka kuwa jina la chakula chenyewe. Ni makuli wangapi walipimiwa unga huo, kwa miaka mingapi, mpaka unga wa mahindi ukakosa jina jingine?

Nchi hiyo hiyo ilikikataa Kiswahili. Katika miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kifundishwe shuleni, na mwaka 1929 Kabaka wa Buganda, mfalme Daudi Chwa II, akapinga kwa maandishi. Nawaelewa waliopinga. Waliogopa kuunganishwa na Kenya ya walowezi, waliogopa ardhi yao kwenda njia ya ardhi ya Wakikuyu. Isitoshe, Kiswahili walichokisikia hakikuwa cha utenzi wala cha barazani. Kilikuwa cha askari na cha nyapara: simama, beba, haraka. Lugha ikiingia nyumbani kwa mtu kwa amri tupu, mwenye nyumba ana haki ya kuifungia mlango. Ila waliokuwa upande wa kupokea amri waliichukua lugha ile ile wakaitumia kuzungumza wao kwa wao, na kwenye reli hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kabla ya reli kulikuwa na vichwa na mabega. Pamba ilianza kupandwa kwa biashara mwaka 1903, na mpaka malori na reli vilipoenea, marobota yalisogea kwa miguu ya watu. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mahitaji yake. Mwaka 1909 ikaanzisha *kasanvu*, kazi ya kulazimishwa yenye ujira mdogo, iliyodumu hadi 1922. Kando yake kulikuwa na *luwalo*, siku 30 kwa mwaka za kazi isiyo na malipo, kutengeneza barabara na majengo ya machifu. Barabara nyingi zinazoingia Kampala zina jasho la luwalo chini ya lami. Mwenye shamba la pamba na uwezo wa kulipa alijikomboa. Asiye na kitu alishika jembe.

Reli yenyewe ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence na leo ni Kisumu, Desemba 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, ingawa katika Uganda ya leo haikuwa imelazwa taruma hata moja. Makuli 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Kati yao 2,493 walikufa, kwa homa, kwa ajali, na baadhi kwa simba wa Tsavo ambao hadithi zao zimeandikwa zaidi kuliko hadithi za makuli wenyewe. Simba wanajulikana hadi Chicago, walikohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho. Waliowajengea watu reli majina yao yako kwenye madaftari tu, kama yapo.

Kutoka Kisumu, abiria na shehena walivuka ziwa kwa meli hadi Port Bell, ndipo wakapanda kuingia Kampala. Njia kuu ya nchi kavu ilikuja kwa mzunguko mrefu wa Nakuru, Eldoret na Tororo. Ilifika Jinja 1928, ikavuka Nile kwa daraja, na Januari 1931 treni ya njia hiyo ikaingia Kampala. Miaka 35 tangu kipande cha kwanza cha chuma Mombasa. Mwaka 1956 reli ikasogea hadi Kasese kufuata shaba ya Kilembe.

Nsambya ulikuwa tayari mlima wenye wenyewe. Wamisionari wa Mill Hill walifika 1895 wakajenga kanisa, na mwaka 1903 Mother Kevin akaanzisha kliniki iliyokuja kuwa hospitali kubwa. Reli ilichukua upande ulioelekea stesheni ikapanga kota zake kwa safu. Hapa daraja la kazi ndilo lililokuwa daraja la nyumba. Wazungu juu, Wahindi katikati wakishika ofisi za tiketi na usimamizi wa stesheni, Waafrika chini kwenye vyumba vya landi, yaani kota za vibarua. Hata baada ya mishahara kuacha kupangwa kwa rangi ya ngozi, ukubwa wa nyumba ulibaki kusema mtu ni nani. Ukipanda cheo, unahama. Mke anajua mumewe amepandishwa kwa kuhesabu vyumba.

Kota hizo zimeandikwa vizuri kuliko mitaa mingi ya Afrika Mashariki. Mwanaanthropolojia Ralph Grillo alifanya utafiti wake humo mwaka 1964 na 1965, na kitabu chake *African Railwaymen* kikatoka 1973. Alichokiona ni kijiji cha chuma. Wafanyakazi walitoka sehemu nyingi, lakini Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya walikuwa wengi sana. Mtu aliishi Kampala kwa miaka, watoto wakasoma hapo, na bado nyumbani kukabaki Nyanza. Pasi ya bure ya treni ndiyo iliyoshika pande zote mbili za maisha yake: likizo anarudi kulima, mahindi yanakuja na behewa. Vyama vya watu wa kabila moja vilichangisha fedha ili anayefia mjini azikwe kwao. Nyumbani walisema Kijaluo au Kiluhya, kanisani walisikia Kiluganda, kazini na kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi walisema Kiswahili. Fundi aliyehamishwa kutoka Nairobi au Tabora hakuhitaji mkalimani. Shirika lenyewe, East African Railways and Harbours, lililoundwa 1948, lilikuwa nchi isiyo na bendera, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya chini, ile inayotumika mikono ikiwa na grisi.

Sasa nirudi kwenye Mnara wa Saa, maana kutoka hapo hadi Katwe ni mwendo mfupi. Katwe ni mtaa wa mafundi hadi leo: nyundo, bati, mageti, masufuria, cheche za kuchomea vyuma. Na katika historia ya kazi Kampala, watu wa injini na spana hawakungoja wenzao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 madereva walianzisha chama chao, na waliokuwa mbele ni James Kivu na Ignatius Musazi. Dereva wa siku hizo hakuwa mtu mdogo. Alijua kusoma kidogo au zaidi, alifika kila kituo cha biashara, alibeba barua, magazeti na uvumi. Serikali ikimkataza mkulima kukutana na mkulima mwenzake, dereva alikuwa amekwisha kupita kwa wote wawili.

Januari 1945 mgomo ulilipuka. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya nguo na chakula huku mishahara ikibaki palepale. Vibarua wa serikali waliacha kazi, na moto ukaenda mji hadi mji. Ndani ya Buganda hasira ya mshahara ilichanganyika na hasira dhidi ya wakubwa wa Mengo, makao ya serikali ya Kabaka, hasa mweka hazina Serwano Kulubya, ambaye alilazimika kujiuzulu. Polisi na askari walitumika, Musazi akafukuzwa kwake na kupelekwa mbali. Wanahistoria wengi husimulia 1945 kama siasa za Mengo. Mimi nasisitiza kilichotangulia: walioanza kutoka barabarani walitaka fedha ya kununulia chakula. Miaka miwili baadaye, Januari 1947, Mombasa ikasimama kwa mgomo wake mkubwa, na mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao wakaweka mizigo chini. Ukifuata tarehe hizo kwenye ramani, vidole vyako vinatembea juu ya reli na kuishia kwenye gati.

Musazi alirudi, akawaunganisha wakulima wa pamba na kahawa mwaka 1947, akaona ghasia za Buganda za 1949, kisha mwaka 1952 akaasisi Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha nchi nzima. Alifariki 1990 na amezikwa Kololo, kwenye uwanja ambako bendera ya Uhuru ilipandishwa. Kaburi lake nalihesabu kuwa kumbukumbu ya wafanyakazi iliyo wazi kuliko zote Kampala, ingawa wanaolitembelea hukumbushwa mwanasiasa na kumsahau mtu wa chama cha madereva.

Reli nayo ilitoa viongozi. Humphrey Luande, mtu wa chama cha Waafrika wa reli, alifika hadi kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uganda na kuingia bungeni. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lilifungua chuo chake cha Afrika hapa Kampala, na kwa miaka kadhaa makatibu wa vyama kutoka nchi nyingi walikuja kusoma jinsi ya kukaa meza moja na mwajiri. Kampala ilikuwa shule ya mgomo na ya mapatano pia.

Kisha ukaja mwaka 1970. Serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo. Jambo hili limefunikwa na lile la miaka miwili baadaye, Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, na mimi sikubali lifunikwe. Watu waliokuwa wamebeba mizigo ya Kampala kwa vizazi viwili waliambiwa si wenyeji. Walipanda gari la moshi lile lile, kurudi mashariki, safari hii na vitanda na kuku wao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na reli ikakatwa vipande vitatu. Pasi iliyomfikisha fundi wa Nsambya hadi Mombasa ikawa karatasi.

Yaliyofuata yanasimuliwa haraka. Treni za abiria zilinyamaza katika miaka ya 1990. Reli ikakodishwa kwa kampuni binafsi 2006, ikarudi serikalini baada ya miaka kama kumi na mmoja. Desemba 2015 treni ya abiria ikaanza tena, safari fupi ya asubuhi na jioni kati ya stesheni na Namanve. Kota nyingi za Nsambya zimebomolewa, na ardhi ya reli imepata wenyewe wapya. Pale kwenye Mnara wa Saa sasa imejengwa barabara ya juu kwa fedha za Japani.

Katiba ya 1995 imewapa wafanyakazi wawakilishi wao bungeni, na leo viti vyao ni vitano, jambo ambalo nchi chache zinalo. Lakini kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mara ya mwisho mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria mpya na Rais akakataa kuitia saini. Shilingi 6,000. Andika tarakimu hiyo kwenye ukuta wa stesheni na hutahitaji sanamu.

Jioni nilikaa kwenye kibanda karibu na lango la stesheni. Wapagazi walikuwa wakiingia mmoja mmoja, mashati yamelowa mgongoni, wakiagiza kwa Kiluganda, na mwenye kibanda akiwajibu kwa Kiswahili cha kubahatisha alipoona mimi ni mgeni. Aliniuliza nile nini. Nikasema posho na maharage. Akachota kwa kijiko kikubwa cha mbao, akakipima kwa jicho, akakipunguza kidogo, kisha akakirudishia.