KIMBILIO KWA MUNGU KATIKA DHIKI (Mchikichini, Dar es Salaam)

Kimbilio kwa Mungu ni itikadi na desturi ya mja kujiweka katika hifadhi ya Muumba wake inapomfikia dhiki asiyoweza kuiondoa kwa nguvu zake; na katika kata ya Mchikichini, iliyo wilayani Ilala baina ya Kariakoo na bonde la mto Msimbazi, itikadi hiyo imepata kutahiniwa kwa maji na kwa moto. Mvua za Desemba 2011, zilizonyesha chini ya majuma mawili baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, zilifurisha bonde hilo, zikaua watu wapatao 40 katika jiji zima, na jamaa nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Kisha usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, moto uliteketeza soko la Mchikichini, ambalo wengi huliita Karume, penye biashara kubwa ya mitumba. Na kwa kuwa belo la nguo mara nyingi hununuliwa kwa fedha ya kukopa, mchuuzi aliyeunguliwa na kibanda aliamkia hali ya kutokuwa na mali, na deni lake lingalipo.

Miongoni mwa Waislamu wa pwani, walio wengi wao wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kuomba hifadhi hakungoji msiba, maana dua ya kunuti husomwa katika sala ya alfajiri kila siku, nayo huongezwa katika sala nyingine panapoteremka balaa. Na sura za al-Falaq na an-Nas, pamoja na Ayatul Kursiy, ndizo nyiradi za kujikinga ambazo mtoto huzihifadhi angali chuoni. Iko pia Halbadiri, yaani kisomo cha majina ya masahaba waliopigana Badr mwaka wa 2 Hijria (624), kisomwacho kwa ubani ili kuondoa shari au kumfichua mwizi. Lakini baadhi ya maulamaa huikataa, wakishika kwamba hifadhi haiombwi ila kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na hoja yao ina uzito.

Wakristo hukimbilia Zaburi, hasa ya 46 na ya 91. Ya 46 ndiyo iliyompa Martin Luther, katika karne ya 16, wimbo wake mashuhuri ambao Walutheri huuimba hata leo kwa Kiswahili. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo tangu miaka ya 1970, huwakutanisha majirani nyumbani kwa zamu, hata aliyefikwa na msiba akaombewa barazani pake mwenyewe na watu wanaomjua kwa jina na kwa shida zake.

Wako wanaoshutumu haya yote kuwa ni uvivu uliovishwa kanzu ya dini, nao hawajafahamu tawakali, yaani kumtegemea Mungu, ni nini. Tirmidhi amepokea hadithi ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache huru na kutegemea, naye akaagizwa amfunge kwanza. Mwenye kuzibua mfereji kabla ya masika, na mwenye kuweka akiba kidogo mbali na kibanda chake, hajapunguza imani yake hata chembe. Wala dua haimwondolei mwenye mamlaka wajibu wa kuweka maji ya kuzimia moto sokoni.

Lakini jambo zito kuliko yote, na ambalo halitajwi sana, ni kwamba hifadhi ya Mungu humfikia mtu aghalabu kwa mkono wa mwanadamu mwenzake, na katika mji wa biashara mkono huo ni wa mwenye kudai. Kurani, katika sura ya al-Baqara, aya ya 280, yaelekeza kwamba mdeni aliye katika dhiki apewe muhula, na kumsamehe ni heri zaidi. Na Torati nayo iliamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Basi tajiri wa mitumba aliyesali kuwaombea walioungua, kisha kesho yake akatuma watu wa kukamata kilichosalia, amelifunga kwa mkono wake lile kimbilio alilowaombea. Muhula wenye maana kwa mchuuzi si wa siku tatu wala wa juma. Ni ule utakaomfikisha kufungua belo jingine, kuliuza, na kubakiwa na chakula cha watoto kabla hajarudisha senti ya kwanza.